Damu ya mzee imesoma juu, baba mdogo anasema imeshasambaa asiguswe na kisu

Shikamoo mama. Naomba jina langu usiliweke. Mimi nina miaka 34, nipo Dar nauza vifaa vya ujenzi, kwetu ni Machame Kilimanjaro, na kwa vile ndo mtoto wa kwanza wa kiume mambo yote ya mzee yamenikalia mimi shingoni na hapa nilipofika sijui tena nimsikilize nani.

Mzee wetu ana miaka 67. Kwa kama miaka miwili alikua analalamika tumbo, kiungulia, anakula vijiko viwili anasema ameshiba, sisi tukajua ni vidonda vya tumbo tu maana kule kwetu nani hana vidonda, nikawa namnunulia omeprazo kila mwezi nampakilia kwenye basi. Mwezi wa tatu akaanza kutapika chakula alichokula jana yake, choo kikawa cheusi, mkanda akauongeza matundu mawili kwa msumari. Ndo tukampeleka hospitali wakamwingiza mpira wa kamera mdomoni, wakakuta donda kubwa upande wa chini wa mfuko wa chakula, kinyama kikaenda kupimwa, jibu likarudi saratani. Kwenye karatasi wameandika ni aina ya kutawanyika, seli zina umbo la pete.

Sasa mama ugomvi wetu upo kwenye damu. Picha ya CT imetoka wanasema ini safi, mapafu safi, hakuna maji tumboni, isipokua tezi mbili tatu karibu na mfuko wa chakula zimevimba kidogo. Tukafurahi. Lakini damu, yani vile vipimo vya alama za saratani, imeleta hivi: CEA 7.8 na wameandika kikomo ni 5. CA 125 ni 58 wakati kikomo ni 35, na hapa baba mdogo aliwaka kabisa akasema hicho si kipimo cha akina mama cha mfuko wa mayai, mzee anapimwaje kitu cha wanawake, hawa watu wanatafuta hela. CA 19-9 ni chini ya 2 na kikomo ni 37, kwaiyo hiyo moja shemeji yangu anasema ndo ushahidi kwamba haijasambaa kwasababu ipo chini kabisa. Alafu dada yangu wa Arusha alimchukua mzee akakae kwake wiki mbili, akampeleka maabara nyingine bila kutuambia, CEA ikatoka 12.1, akanipigia simu analia saa nne usiku anasema imepanda kutoka 7 mpaka 12 ndani ya wiki mbili, baba anaondoka.

Daktari mpasuaji anataka kwanza amlaze mzee nusu kaputi amtoboe tumboni aingize kamera aangalie, ndo waamue kama wataanza dawa za dripu na baadae upasuaji au la. Familia imegoma. Upande mmoja wanasema kama CT ni safi kwanini mzee atobolewe tena. Upande wa baba mdogo wanasema damu imeshasema imesambaa na saratani ikiguswa na chuma ndo inalipuka, anatoa mfano wa mzee mmoja jirani alipasuliwa akafungwa siku hiyo hiyo na baada ya miezi miwili tukamzika. Na kuna dalali mmoja ameletwa na rafiki wa shemeji anasema tuuze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, damu ipelekwe India, kuna kipimo kinaonyesha saratani ilipo mwili mzima bila kutoboa.

Mzee alikua mvuta sigara toka ujana, ameacha mwezi wa nne. Vipimo vingine nakuandikia kama vilivyo: Hb 8.1, nyutrofili 6.2, limfosaiti 1.4, alibumini 29. Mzee mwenyewe tumemwambia ni vidonda sugu. Bibi yetu mzaa baba nae alifariki kwa tumbo zamani, hakuna anayejua ilikua nini.

Mama naomba uniambie, hii damu imesema imesambaa au haijasema? Tukubali kamera? Na mimi moyoni nina kitu kinanila, zile omeprazo nilizokua natuma miaka miwili, mimi ndo nimemchelewesha?

Kijana wa Machame

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole na mzee. Nimekaa maabara miaka 26 kabla sijastaafu na hizi herufi CEA na CA nimezitoa kwenye mashine mara nyingi sana, nikazipeleka dirishani, na nimeona sura za watu wakizisoma pale pale korido kabla hawajamwona daktari. Kwaiyo nakujibu kama mtu wa maabara. Mtabibu wa mzee ni yule aliyemshika tumbo na yeye ndo mwenye neno la mwisho.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja. Damu haijasema imesambaa. Na haijasema haijasambaa. Iliyosema ni kwamba CT peke yake isiaminiwe, kuna haja ya kuingia kuangalia kwa macho, na namna ya kuangalia kwa macho ndo hiyo kamera mnayoigombania. Kwaiyo ndio, kubalini kamera, na mkubali mapema.

Sasa nikueleze kwanini nasema hivo maana ukirudi kwa baba mdogo na jibu fupi atakumeza.

Kwanza ujue hivi vipimo vitatu hakuna hata kimoja kilichogunduliwa kwa ajili ya saratani ya tumbo. CEA iligunduliwa mwaka 1965 kule Montreal Kanada, na Phil Gold na Samuel Freedman, wao walikua wanahangaika na saratani ya utumbo mpana. CA 19-9 ilitoka Philadelphia mwaka 1979 kwenye maabara ya Hilary Koprowski, nayo chanzo chake ni seli za utumbo mpana ingawa siku hizi inatumika zaidi kwa kongosho. CA 125 ni ya mwaka 1981, kina Robert Bast, na kweli walikua wanatafuta saratani ya mfuko wa mayai, hapo baba mdogo hajakosea. Saratani ya tumbo imeziazima tu. Na ndo maana zinakosa kosa sana, Wajapani walikusanya tafiti nyingi wakatoa mapitio mwaka 2014, wakakuta ukichukua wagonjwa 100 wenye saratani ya tumbo, CEA iko juu kwa kama 21 tu, CA 19-9 kwa kama 28, na ile nyingine inaitwa CA 72-4 ambayo kwetu si kila maabara inayo, kwa kama 30. Yani wagonjwa wengi wana saratani kabisa kabisa na damu yao inasoma vizuri. Kadiri ugonjwa unavyosonga mbele ndo namba zinakua juu kwa watu wengi zaidi, hilo ni kweli na ndo linafanya madaktari wazipime, lakini usilipindue ukasema namba ikiwa chini basi haijasambaa, maana hapo ndo shemeji yako alipopotelea.

Tena shemeji amepotea mahali ambapo hata watu wa hospitali wanapotea. CA 19-9 chini ya 2. Mimi nikiona chini ya 2 siandiki moyoni nzuri sana, najiuliza huyu mtu anaweza kuitengeneza hiyo kitu au hawezi. Unajua kuna kundi la damu A, B, AB na O, sasa kuna makundi mengine hatuyaongelei mtaani, mojawapo linaitwa Lewis, na wapo watu ambao kwa kuzaliwa tu miili yao haina kimeng'enya cha kutengeneza CA 19-9. Kwa Wazungu ni kama watu 5 mpaka 10 kati ya 100, kwa watu wenye asili ya Afrika ni wengi zaidi ya hapo. Mtu wa namna hiyo saratani inaweza kujaa tumbo zima na CA 19-9 yake ikabaki sifuri na kitu. Sisemi mzee ndo yuko hivo kwa uhakika, nasema kwa namba ya namna hiyo inawezekana sana, kwaiyo hicho kipimo kwa mzee wenu kiwekeni pembeni, hakimtetei na hakimshtaki.

CEA 7.8. Mvuta sigara CEA yake huwa inakaa juu kidogo hata kama hana ugonjwa, wengine mpaka karibu na 10, na mzee ameacha mwezi wa nne tu. Ini likiwa na shida nayo inapanda. Kwaiyo 7.8 kwa mzee mwenye saratani iliyothibitishwa na miaka mingi ya sigara, ni namba ya kuandika kwenye faili na kuilinganisha baadae, basi.

Alafu hii ya dada yako. Mwambie afute machozi kwa hili moja, hajafanya kosa la dhambi lakini amelinganisha vitu visivyolinganishika. Maabara ya kwanza ina mashine yake na vitendanishi vyake, ya pili ina vyake, na kingamwili zinazotumika kuikamata hiyo CEA zinatofautiana kampuni kwa kampuni. Damu ile ile ya asubuhi ile ile ukiipeleka maabara mbili unaweza kupata namba mbili mbali mbali na wote wako sahihi kwa mizani yao. 7.8 ya hapa na 12.1 ya kule haziwezi kusomeka kama imepanda. Ukitaka kujua inapanda au inashuka lazima iwe maabara moja, mashine moja, kila mara, na uandike tarehe. Hili nimelisema dirishani miaka yote na bado watu wanahamahama kufuata bei nafuu, siwalaumu, lakini kwa kipimo cha kufuatilia inaharibu kila kitu. Na kama dada anampa mzee vile vidonge vya nywele na kucha au virutubisho vyenye baiotini nyingi, avisimamishe na amwambie mtu wa maabara kabla hawajatoa damu, maana kwa mashine fulani baiotini inavuruga majibu.

Sasa CA 125, hii ndo ilinifanya nichukue kalamu. Baba mdogo anashangaa mwanaume anapimwaje. Tumbo lote kwa ndani, la mwanaume na la mwanamke, limefunikwa na utando mwembamba laini kama ule unaouona ukichinja mbuzi ukafungua tumbo, unang'aa. Utando huo ukikerwa ndo unatoa CA 125. Ukikerwa na nini, na mambo mengi, maji ya tumboni ya ugonjwa wa ini, TB ya tumbo, na kwa mgonjwa wa saratani ya tumbo, mbegu za saratani zilizodondokea kwenye huo utando. Kwaiyo daktari aliyeiandika kwa mzee hakuwa anatafuta hela, alikua anafikiria utando. Na 58 sio namba kubwa ya kutisha, wapo wanaosoma mamia, ila iunganishe na karatasi ya kinyama, aina ya kutawanyika, seli za umbo la pete. Aina hiyo tabia yake inajulikana tangu Lauren alipozigawa saratani za tumbo mafungu mawili mwaka 1965. Ile ya fungu lingine inapenda kupita kwenye damu kwenda kwenye ini, hii ya kutawanyika inapenda kupenya ukuta wa mfuko wa chakula na kudondoka kwenye utando kama punje za mtama. Na punje za mtama CT haizioni. CT inaona donge, inaona maji, inaona ini lenye madoa, lakini vipunje vya milimita moja mbili vilivyobandika kwenye utando vinaipita kabisa. Ndo maana wagonjwa sio wachache, katika tafiti nyingi ni kama mmoja kwa watano mpaka mmoja kwa watatu wa wenye uvimbe uliokwenda ndani, CT inasema safi na kamera inakuta mambo.

Kwaiyo umeona picha ilivyokaa. Ini safi kwenye CT ni habari njema kweli, ishangilieni, lakini kwa aina hii ya saratani ini sio mahali pa kwanza pa kuogopa. Pa kuogopa ni utando, CT haiuoni vizuri, CA 125 imegusia kidogo, na daktari anataka kuangalia. Huyo daktari anafanya kazi yake sawasawa.

Hiyo kamera yenyewe, inaitwa laparoskopi, ni hivi, mgonjwa analala kwa dawa, wanatoboa vitundu vidogo viwili vitatu karibu na kitovu, wanajaza hewa ya kaboni daioksaidi ili tumbo liinuke kama hema, wanaingiza kamera wanaangalia uso wa ini, lile shela la mafuta linalofunika utumbo, utando wote mpaka chini kwenye nyonga. Wakiona kipunje wanakikata kidogo kipimwe. Alafu wanamwaga maji ya chumvi, wanayatikisa, wanayavuta, yanakwenda maabara kutafutwa seli. Hapo mwanangu uulize kwa sauti kabisa, daktari, na maji mtayapima? Kwasababu hata kama macho hayajaona kipunje chochote, maji yakikutwa na seli za saratani inahesabika hatua ya nne. Wengi wanaruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake.

Na kwanini iwe kabla? Kwasababu njia mbili zinaachana hapo. Kama utando ni safi na maji ni safi, mzee ana nafasi ya kutibiwa kwa lengo la kupona, kwa kawaida dawa za dripu kwanza alafu upasuaji mkubwa wa kuondoa mfuko wa chakula na tezi zake alafu dripu tena. Mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa FLOT, matokeo yake yalichapishwa 2019 kutoka Ujerumani, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 50 wakati kwa mchanganyiko wa zamani ilikua 35. Kama mzee ataweza hizo dawa nne au apewe mbili, hiyo ni kazi ya daktari kupima na nguvu zake. Lakini kama utando umeingiliwa, upasuaji mkubwa wa kuondoa mfuko wa chakula kwa kawaida haumsaidii. Kuna utafiti wa Japani, Korea na Singapore unaitwa REGATTA, ulitoka 2016, waliwagawa watu ambao saratani imeshatoka nje ya mfuko wa chakula, wengine wakaondolewa mfuko huo kisha dawa, wengine dawa tu, waliokatwa hawakuishi zaidi. Kwaiyo kamera hii inaweza kumwokoa mzee na kisu kikubwa kisicho na faida. Mweleze baba mdogo hivo hivo, kwamba yeye anayeogopa kisu ndo alipaswa kuwa wa kwanza kuidai kamera.

Na yule mzee jirani. Nadhani kila kijiji kina mzee wa namna hiyo. Alifunguliwa, wakakuta utando umejaa, wakamfunga siku hiyo hiyo, akafariki miezi miwili baadae, na watu wakasema kisu kimeilipua. Ugonjwa ulikua umeshafika huko kabla ya kisu, miezi hiyo miwili ndo iliyokua imebaki. Zamani kamera hizi hazikuwepo huku kwetu, mpasuaji alikua hana namna ya kujua mpaka afungue tumbo zima, na familia ikabaki na picha ya mtu aliyeingia akitembea. Namwelewa sana baba mdogo, ameona kwa macho yake. Msimdharau kwenye kikao, mwombe aende na wewe kwa daktari amuulize mwenyewe hilo la jirani.

Kabla hata ya kamera kuna mambo mawili ya bure. Mpapaseni mzee juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka chini ya shingo kwenda begani, upande wa kushoto, kuna tezi ngumu? Na kitovuni, kuna kinundu kigumu kimetokeza? Mkikuta mwambieni daktari siku hiyo hiyo maana hapo anaweza kuchukua kinyama kwa sindano tu na safari ikabadilika.

Kuhusu India. Kipimo anachokisema dalali nadhani ni kile cha kutafuta vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye damu. Kipo, sio uongo, na watafiti wanakitegemea sana, hasa baada ya upasuaji kuona kama ugonjwa unarudi kabla picha haijaonyesha. Lakini hakionyeshi saratani ipo wapi mwilini, hapo dalali amewadanganya. Na kibaya zaidi kwa mzee wenu, saratani iliyo kwenye utando huwa inamwaga DNA kidogo sana kwenye damu, kwaiyo pale hasa mnapotaka kujua ndo pale kipimo kinapoweza kukosa. Kihamba msiuze kwa ajili ya hicho. Mkilazimika kuuza iwe kwa ajili ya dripu na upasuaji, na hata hivo muulizeni kwanza bima na ustawi wa jamii hapo hospitali.

Sasa nikupeleke kwenye namba ulizozitaja mwishoni kwa haraka kama vile hazina maana, kumbe kwangu mimi hizo ndo za kuhangaika nazo wiki hii. CEA na CA 125 hamna mnachoweza kuzifanya. Hb 8.1, yani wingi wa damu, mnaweza. Alibumini 29, ile protini ya kwenye damu, mnaweza kuisaidia.

Nimegawa nyutrofili yake 6.2 kwa limfosaiti 1.4, zote ni chembe nyeupe za damu, nikapata 4.4. Huu ugawaji watafiti wanaupenda kwasababu unatoka kwenye FBP, kile kipimo cha kawaida cha damu, hauongezi gharama, na kwa saratani ya tumbo wenye namba kubwa, tuseme juu ya 3 hivi ingawa kila utafiti una kikomo chake, wengi wao ugonjwa umesonga mbele zaidi. Lakini nimonia inaipandisha, jino bovu linaipandisha, kwaiyo nakutajia ujue tu ipo, mtu asije kukutisha nayo. Ila ukiiweka pamoja na alibumini 29, ambayo ilitakiwa ianzie 35, inaonyesha mwili wa mzee unapigana na unakula akiba yake. Anatapika chakula cha jana, maana yake mlango wa kutokea chini ya mfuko wa chakula umebana. Huyu msimpe kiburu cha maharage wala nyama choma eti apate nguvu. Mpeni mtori uliosagwa na kuchujwa uwe laini kabisa, uji wa lishe, maziwa, mayai yaliyopondwa kwenye mtori, kidogo kidogo mara sita saba kwa siku, na akae wima baada ya kula. Kama hata hivo vinarudi, mwambieni daktari haraka, kuna mipira ya kulishia inayopitishwa chini ya donda na kuna njia nyingine za kufungua, msingoje siku ya miadi. Alibumini haipandi kwa chakula peke yake maana ugonjwa wenyewe unaishusha, lakini mzee asipokula hata hiyo 29 itakimbia. Kuhusu Hb, muulizeni daktari kama anahitaji damu au madini ya chuma ya dripu kabla ya nusu kaputi. Na mpimeni uzito kila Jumatatu, mizani hiyo hiyo, nguo hizo hizo.

Damu ya CEA na CA 125 irudiwe maabara moja kabla ya kuanza dripu, hiyo ndo iwe namba ya kuanzia. Wakianza dawa isije ikawashtua ikipanda kidogo mwanzoni, seli zikifa zinamwaga. Baada ya upasuaji msikimbilie kupima wiki ya kwanza, mwili unahitaji kama mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu kuisafisha.

Mzee aambiwe. Najua mnampenda na mnadhani mnamlinda, lakini mtu wa miaka 67 aliyelea familia na kulima kihamba anajua mwili wake, anawaona mnanong'ona jikoni. Na yeye ndo atakayesaini hiyo fomu ya nusu kaputi, atasainije kwa vidonda sugu? Mwambie wewe, mkae wawili, kwa maneno machache, na umwache aulize. Inawezekana kabisa ndo atakayemaliza ubishi wa baba mdogo na shemeji kwa sentensi moja.

Nyie watoto na wadogo zake mzee pimeni bakteria wa pailori, kipimo cha choo kinatosha. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la dunia, IARC, limemweka kundi la kwanza la visababishi, na nyanda zetu za juu, Kilimanjaro, Bomet kule Kenya, Rwanda na Burundi, saratani ya tumbo imeandikwa miaka mingi. Anayekunywa omeprazo aiache wiki mbili kabla ya kupima, la sivyo kipimo kinaweza kusema hana kumbe anaye. Na habari ya bibi mwambieni daktari, kwa aina hii ya kutawanyika kuna familia chache zenye kasoro ya kurithi, aamue yeye kama inahitaji kufuatiliwa.

Mwisho hizo omeprazo. Mwanangu, omeprazo inatuliza maumivu hata ya donda la saratani, ndo maana mtu mzima mwenye tumbo la muda mrefu na anayepungua uzito anatakiwa aangaliwe kwa kamera, asipewe dawa tu mwezi baada ya mwezi. Hili lilipaswa kusemwa na mtu wa afya kwenye kaunta ya dawa, na hakuna aliyekwambia. Wewe ulikua unamtumia baba yako dawa kila mwezi kwa hela ya duka lako. Ungejua ungempakia yeye mwenyewe kwenye basi.

Mpigie daktari kesho asubuhi umwambie mmekubali kamera, mpange tarehe, na mwulize lile swali la maji. Majibu ya maji yakitoka niandikie, hata kama ni mabaya niandikie.